Kutoka Kamari hadi Kubeti: Historia ya Sheria, Maneno na Msaada kwa Waraibu wa Michezo ya Kubahatisha Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya udhibiti wa kamari nchini Kenya, Uganda na Tanzania tangu enzi ya ukoloni hadi mwaka 2025, yakiuliza swali moja: katika kila kipindi, sheria ilimwona mchezaji kuwa nani? Inadaiwa hapa kwamba mchezaji alitazamwa kwanza kama mwenye dhambi, kisha kama mkosaji, kisha kama chanzo cha mapato, na kwamba hadhi yake ya mtu anayeweza kuugua na kuhitaji msaada imechelewa kuingia katika sheria na hata katika lugha. Suala la lugha linapewa uzito kwa sababu mtafiti au mhudumu wa afya anayeuliza kwa neno lisilofaa hupata jibu lisilo la kweli.

Maneno ya jambo moja

Kijana wa Dar es Salaam anayeweka dau kila Jumamosi kwenye mechi za Uingereza, akiulizwa kama anacheza kamari, aghalabu atakana. Atasema anabeti. Orodha ya mechi alizozichagua huiita mkeka, na matokeo ya mechi moja yakienda kombo, mkeka umechanika. Kukana huko si uongo mtupu. Neno kamari, lenye asili ya Kiarabu, liliingia Kiswahili cha pwani likiwa tayari limebeba hukumu. Kurani, katika sura ya al-Baqara aya ya 219 na sura ya al-Maida aya ya 90, huutaja mchezo wa kubahatisha sambamba na ulevi. Kwa Mswahili wa Lamu au Unguja, mcheza kamari alikuwa mtu wa aina fulani, anayejulikana mtaani, ambaye binti wa watu haozwi. Kijana mwenye simu mkononi na kazi ya bodaboda hajioni katika sura hiyo.

Dola nazo zilikwepa neno hilo. Zilipotaka kuuza tiketi zilisema bahati nasibu. Zilipotaka kutoa leseni zilisema michezo ya kubahatisha, na ndilo jina linalobebwa na bodi ya udhibiti ya Tanzania hadi leo. Hivyo jambo moja lina jina la msikitini, jina la serikalini na jina la kijiweni. Neno la zahanati, uraibu, ndilo lililochelewa kuliko yote. Katika Kiswahili cha pwani lilihusishwa zaidi na tambuu na tumbaku. Kulipeleka kwenye dawa za kulevya kumekubalika, ilhali kulipeleka kwenye kubeti bado kunamshangaza msikilizaji wa kawaida, anayejiuliza vipi mtu awe mraibu wa kitu asichokimeza wala kukivuta.

Farasi na karata

Utawala wa Kiingereza haukuja na katazo la jumla. Ulikuja na katazo lenye matabaka. Pamoja na sheria nyingine za India, Waingereza waliileta Afrika Mashariki Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872. Kifungu chake cha 30 kilitangaza kwamba makubaliano ya kuwekeana dau ni batili, na kwamba mshindi hawezi kudai fedha zake mahakamani. Lakini kifungu hichohicho kiliacha mlango: michango ya kutunisha zawadi ya rupia 500 au zaidi kwa mshindi wa mbio za farasi haikuguswa. Ni vigumu kupata maandishi yanayoonyesha kwa uwazi zaidi namna sheria ilivyotofautisha mchezo wa bwana na mchezo wa mtumishi. Walowezi wa Nairobi walikuwa na klabu yao ya mbio za farasi tangu mwaka 1903, reli ikiwa haijamaliza hata muongo mmoja. Wapagazi, makuli na vibarua waliokusanyika kuchezea karata au dadu walikuwa suala la polisi.

Urithi wa kipindi hicho haukuwa sheria zenyewe tu, bali pia mtazamo. Madhara ya kamari yaliandikwa katika vitabu vya dola kama suala la utulivu wa mji: ugomvi, wizi, vijana wasio na kazi. Mtu aliyepoteza mshahara wote na kushindwa kuacha hakuwa na safu yake katika taarifa za afya.

Dola huru na tiketi

Baada ya uhuru nchi tatu zilitunga sheria zao katika muda wa miaka minane. Kenya ilipata Sheria ya Ubashiri, Bahati Nasibu na Michezo ya Kubahatisha mwaka 1966, pamoja na bodi ya kutoa leseni. Uganda ilipitisha Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa mwaka 1967, na mwaka 1968 nyingine ambayo jina lake lilitaja bila kificho mambo mawili, udhibiti na utozaji wa kodi. Tanzania ilianza na Sheria ya mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha, kisha mwaka 1974 ikatunga Sheria ya Bahati Nasibu ya Taifa.

Mfano wa Tanzania unastahili kutazamwa kwa makini. Nchi iliyokuwa ikihubiri kwamba kila mtu aishi kwa jasho lake iliona inafaa dola yenyewe iuze tiketi za bahati. Utata huo ulitatuliwa na dhana ya mchango: anayenunua tiketi anachangia taifa, na zawadi ni asante. Hata hivyo dhana ya mchango ilikuwa na athari ambayo haikukusudiwa. Mchangiaji hafikiriwi kuwa anaweza kuchangia kupita kiasi, na kwa hiyo sheria haikuona haja ya kumwekea mahali pa kukimbilia.

Ni haki kusema pia kwamba katika miaka hiyo hatari yenyewe ilikuwa na mipaka. Tiketi ilichezeshwa kwa tarehe maalumu. Kasino zilikuwa katika hoteli za watalii. Uwanja wa farasi ulifungwa jioni. Mchezaji aliweza kupoteza fedha alizokuwa nazo mfukoni tu, na baina ya dau na dau palikuwa na safari, foleni na usingizi. Sheria haikumlinda kwa vile umbali na saa vilikuwa vikifanya kazi hiyo. Mageuzi ya kiuchumi yalipokuja, Tanzania ilitunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, iliyofuta zile za 1967 na 1974 na kuunda bodi mpya. Ilikuwa sheria ya soko huria, iliyoandikwa kwa ajili ya kumbi na mashine. Miaka minne baadaye kilitokea kitu ambacho hakuna mtunga sheria aliyekihusisha na kamari.

Simu inafuta umbali

M-Pesa ilizinduliwa Kenya mwezi Machi 2007, ikafika Tanzania mwaka 2008, na Uganda ikapata huduma yake ya fedha kwa simu mwaka 2009. Kilichobadilika hakikuwa njia ya kulipa peke yake. Umbali, saa ya kufunga na ukomo wa mfuko, yaani breki tatu za zamani, vililegea kwa pamoja. Novemba 2012 mkopo wa papo kwa papo ulianza kupatikana Kenya kupitia simu hiyohiyo kwa M-Shwari, na Januari 2019 ikaja Fuliza, inayomruhusu mteja kulipa zaidi ya salio lake. Kwa mara ya kwanza katika historia ya eneo hili mtu aliweza kukopa, kuweka dau, kupoteza na kukopa tena usiku wa manane akiwa kitandani, mwenzake amelala ubavuni bila habari.

Kampuni ya SportPesa ilianza Kenya mwaka 2014 na ndani ya miaka mitatu nembo yake ilikuwa kifuani mwa Gor Mahia, Simba na Yanga, na hata Everton ya Uingereza. Tarehe 13 Julai 2017 Everton ilicheza na Gor Mahia katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, na Wayne Rooney akafunga bao. Kwa shabiki ilikuwa siku ya fahari. Kwa mwanahistoria wa sera ni siku inayoonyesha jinsi kubeti kulivyokwisha kuhama kutoka pembezoni mwa jamii na kuwa mdhamini wa furaha yake. Ni vigumu kumwambia kijana aogope jina lililo kwenye jezi ya timu anayoipenda.

Hesabu ya mchezo wenyewe haikubadilika, ila ilifichika zaidi. Mkeka wa mechi 17, kila moja ikiwa na matokeo matatu yanayowezekana, una michanganyiko 129,140,163. Hata mkeka mfupi una mtego wake. Kampuni ikijiwekea faida ya asilimia 5 katika kila mechi, mkeka wa mechi 10 humrudishia mchezaji, kwa wastani wa muda mrefu, takriban shilingi 60 kwa kila 100 anazoweka. Mchezaji huona kwamba alikosa mechi moja tu kati ya kumi, na huichukulia kama dalili kwamba amekaribia kushinda. Wataalamu wa saikolojia wameeleza kwa muda mrefu kwamba kukosa kidogo huchochea kuendelea karibu sawa na kushinda. Michezo mipya ya simu inayoisha kwa sekunde chache, ambamo ndege hupaa na mchezaji hutakiwa kutoa fedha kabla haijatoweka, imeondoa hata ule muda wa dakika 90 wa kusubiri.

Mwaka 2017 shirika la GeoPoll liliwauliza kwa simu vijana wa nchi sita za Afrika kama wamewahi kubeti au kucheza kamari. Kenya iliongoza kwa asilimia 76, Uganda ikafuata kwa 57. Takwimu hizo zimerudiwa katika mabunge na magazeti hadi zimekuwa kama methali. Zinahitaji kusomwa kwa uangalifu: waliohojiwa ni watu wa simu, na swali lilikuwa la kuwahi kucheza. Kuwahi kucheza si kuugua, na asilimia ya waliowahi kucheza haiwezi kumweleza waziri wa afya ni washauri nasaha wangapi wanaohitajika.

Kodi, makatazo na sarakasi za miaka minane

Jibu la kwanza la dola lilikuwa kodi. Mwaka 2017 Hazina ya Kenya ilipendekeza asilimia 50 ya mapato ya kampuni za kubeti, Bunge likakataa, Rais akaurudisha mswada, na wakakutana kwenye asilimia 35 kuanzia Januari 2018. SportPesa iliondoa udhamini wake wa michezo nchini. Mwaka huohuo wa 2018 kiwango kilishushwa hadi asilimia 15. Mwezi Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 na namba zao za malipo zikafungwa. Baadaye mwaka huo ikaja kodi ya asilimia 20 juu ya dau lenyewe, iliyofutwa 2020, ikarudishwa kwa asilimia 7.5 mwaka 2021, ikapanda hadi 12.5 mwaka 2023 na 15 mwishoni mwa 2024, kisha ikashushwa hadi 5 mwaka 2025. Aprili 2025 matangazo yote ya kamari yalisimamishwa kwa siku 30, na mwezi Agosti Sheria ya Udhibiti wa Kamari ikatiwa saini, ikiiondoa ile ya 1966 baada ya karibu miongo sita.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 2016 iliweka umri wa chini wa kucheza kuwa miaka 25, wakati majirani zake wanatumia 18, na Januari 2019 serikali ilitangaza kwamba haitatoa leseni mpya kwa kampuni za kubeti. Rwanda, iliyokuwa na sheria yake tangu mwisho wa 2011, ilifuata mkondo wake.

Msomaji wa orodha hii ya viwango na tarehe huona kwamba mjadala wote uliendeshwa kati ya Hazina, kampuni na mahakama. Mchezaji anayeshindwa kuacha alitajwa sana kwenye hotuba, hasa zile za kuhalalisha kodi. Lakini kodi ya dau ina kasoro ambayo mshauri wa sera hana budi kuipima: anayeweka dau mara nyingi zaidi ndiye anayelipa zaidi, na anayeweka dau mara nyingi zaidi kuliko wote ni mraibu. Fedha hizo zikienda katika mfuko mkuu bila sehemu kutengwa kwa tiba, mgonjwa anakuwa anachangia bajeti ya taifa kwa ugonjwa wake. Dhana ya mchango ya mwaka 1974 imerudi, safari hii bila tiketi.

Kuwajibika: neno lililotoka nje

Wito wa kucheza kwa kuwajibika, unaosomwa haraka mwishoni mwa tangazo la redio, una historia fupi. Mwaka 2004 watafiti Alex Blaszczynski, Robert Ladouceur na Howard Shaffer walichapisha mfumo unaojulikana kwa jina la Reno, uliosisitiza kwamba mchezaji apewe taarifa sahihi na kwamba uamuzi wa mwisho ni wake. Makampuni duniani yaliupokea kwa furaha, na si ajabu. Wakosoaji wake wameeleza kuwa uliweka mzigo mkubwa kwa mtu mmoja na mdogo kwa bidhaa yenyewe. Zipo nchi zilizoigeukia bidhaa: Norwei iliondoa mashine zake za kamari mwaka 2007, na Uingereza mwaka 2019 ilishusha dau la juu la mashine fulani za madukani kutoka pauni 100 hadi 2.

Historia ya msaada ni ndefu kidogo. Kikundi cha kwanza cha Gamblers Anonymous kilikutana Los Angeles mwaka 1957. Mwaka 1972 daktari Robert Custer alianzisha wodi ya tiba ya waraibu wa kamari katika hospitali ya askari wastaafu huko Brecksville, Ohio. Mwaka 1980 Chama cha Madaktari wa Akili wa Marekani kiliutambua ugonjwa huo, na mwaka 2013 kikauhamishia katika kundi moja na uraibu wa pombe na dawa. Shirika la Afya Duniani nalo limeuweka miongoni mwa magonjwa yanayotokana na mwenendo wa uraibu katika orodha yake iliyoanza kutumika Januari 2022. Barani Afrika, Afrika Kusini ilikuwa na mpango wa kitaifa tangu mwaka 2000, ukigharimiwa na michango ya sekta yenyewe, wenye simu ya msaada isiyo na malipo na rufaa kwa washauri nasaha.

Kubisha hodi pasipo na mlango

Katika nchi zinazojadiliwa hapa, mzigo ulibaki kwa familia, imamu na mchungaji. Si mzigo mdogo, na si wa kudharauliwa. Mama anayechukua kadi ya mshahara ya mwanawe na mke anayeomba namba ya siri ya simu ya mumewe wanafanya, bila kujua, jambo ambalo washauri nasaha hulipendekeza mwanzoni kabisa: kumtenga mtu na fedha taslimu na mikopo kwa kipindi fulani huku akijifunza kuishi na hamu. Kinachokosekana ni hatua ya pili, yaani tiba ya mazungumzo inayochambua fikra kama ile ya kukaribia kushinda na kumwandaa mtu kwa siku atakayoteleza. Hakuna kidonge kilichoidhinishwa mahususi kwa ugonjwa huu, na kwa hospitali zenye uhaba wa dawa hilo ni afueni, kwa kuwa gharama kubwa ni ya watu waliofunzwa.

Watu hao wapo kwa kiasi. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini mwaka 2011, na nyumba za upataji nafuu za Zanzibar zina uzoefu wa miaka mingi wa vikundi vya kusaidiana. Kenya ina mamlaka ya kitaifa tangu mwaka 2012, lakini sheria yake inataja pombe na dawa. Mtu aliyeathiriwa na kubeti akibisha hodi hapo anabisha kwa hisani. Kupanua tafsiri ya uraibu katika sheria hizo ni kazi ya kifungu kimoja.

Kipo kizuizi kingine kisichosemwa sana. Madeni ya kamari huambatana na mawazo ya kujiua kwa kiwango kinachotia wasiwasi popote yalipochunguzwa, ilhali sheria za jinai zilizorithiwa kutoka kwa Waingereza zilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Pale ambapo kifungu kama hicho bado kipo, mgonjwa anayemweleza daktari ukweli wote anajiweka karibu na polisi, na mhudumu anayemwuliza swali la lazima la usalama wake analazimika kuliuliza kwa mzunguko.

Swali la namna ya kuuliza linairudisha hoja kwenye lugha. Kipimo kinachotumika sana duniani, kilichobuniwa Kanada mwaka 2001, kina maswali tisa, na alama 8 au zaidi huashiria tatizo kubwa. Kikitafsiriwa kwa neno kamari, muumini atajibu hapana kwa kila swali kabla hajalifikiria. Kikitafsiriwa kwa michezo ya kubahatisha, kijana atafikiria mashine na kasino ambazo hajawahi kuingia. Tafsiri inayofaa huenda ikahitaji kutaja mkeka, dau, kukopa kwa simu na kurudi kesho kufukuzia hela, na huenda Kampala, Kigali na Tanga zikahitaji maneno tofauti. Hii ni kazi ya wanaisimu kabla ya kuwa ya madaktari, nayo inagharimu kidogo kuliko kampeni moja ya mabango.

Kwa upande wa kinga, simu iliyofuta breki inaweza kutengeneza nyingine. Tangu mwaka 2018 Waingereza wana daftari la pamoja ambamo mtu hujiandikisha mwenyewe ili kampuni zote za mtandaoni zenye leseni zimkatalie, na tangu 2020 kampuni hizo zinalazimika kushiriki. Afrika Mashariki ina msingi bora zaidi wa jambo hilo kuliko inavyodhaniwa. Uganda iliunganisha laini za simu na namba za utambulisho wa taifa mwaka 2017, na Tanzania ikafunga laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole mwanzoni mwa 2020. Mtu anayetaka kujizuia angeweza kufanya hivyo kwa ujumbe mfupi, usiku uleule alipopoteza, kabla aibu ya asubuhi haijageuka kuwa matumaini mapya. Ugumu unaanzia mpakani. Anayejifungia Busia upande wa Uganda anavuka hatua chache, anatumia laini ya Kenya, na huko anapokelewa kama mteja mpya ambaye miaka 18 inamtosha.